SOMO LA REDIO: SAUTI ILIYOBAKI UKUTANI

(Muziki wa kufungulia kipindi. Unapungua.)

MWALIMU: Studioni leo nipo na mwanafunzi mwenzenu, Mzee wetu, ambaye alianza kujifunza kusoma baada ya kupata wajukuu. Shikamoo, Mzee.

MZEE: Marahaba, Mwalimu. Salamu kwa wote.

MWALIMU: Somo letu limetokana na barua. Mama mmoja wa makamo, mwanafunzi wa darasa la watu wazima, ametuandikia kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi safi, kuuliza mambo mawili. Anasema mjukuu wake amemwekea katika simu ya mkononi hadithi ndefu inayosomwa kwa sauti, nayo ni hadithi ya mzuka na mitambo ya sayansi. Huisikiliza usiku kazi zikiisha. Jambo la kwanza, wenzake wanamcheka. Wanasema kusikiliza kitabu ni uvivu, si kusoma, naye ameanza kuona haya kuja darasani. Jambo la pili, njiani kuelekea darasani ipo nyumba mbovu ya mawe, isiyokaliwa na mtu. Tangu asikie hadithi ile hapiti tena hapo. Huzunguka njia ya mbali, na mara mbili amekuta somo limekwisha anza. Maana katika hadithi imesemwa kwamba mawe ya ukuta hushika sauti za watu waliokufa. Anauliza: Je, ni kweli?

Tutaanza na hilo la pili, kwa kuwa hilo ndilo linalomchosha miguu.

Hadithi aliyoisikia hakutaja jina lake, lakini mojawapo ya hadithi mashuhuri za namna hiyo yajulikana. Usiku wa tarehe 25 Desemba 1972, televisheni ya BBC huko Uingereza ilionyesha mchezo uitwao The Stone Tape, maana yake "utepe wa jiwe". Aliyeutunga ni Bwana Nigel Kneale. Mwaka 2015 mchezo huo ulitengenezwa upya kwa redio, ukawa wa kusikilizwa tu bila kutazamwa. Nitawapa kisa chake kwa ufupi.

Kampuni moja ya mitambo ya umeme inatafuta njia mpya ya kuhifadhi sauti na picha, ili iwashinde washindani wake wa Japani. Mafundi wake wanahamia katika jumba la kale. Ndani yake kipo chumba kimoja chenye ukuta wa mawe ya zamani sana, na wajenzi wamekataa kufanya kazi humo. Bibi mmoja fundi wa kompyuta, jina lake katika mchezo ni Jill, anaingia. Anasikia nyayo zikikimbia, kisha anamwona mwanamke akipanda ngazi, na kuanguka, na kupiga ukelele. Wanapochunguza wanapata habari kwamba mtumishi wa kike alikufa mahali hapo mwaka 1890.

MZEE: Nami ningetoka mbio siku hiyohiyo.

MWALIMU: Wao hawakutoka, Mzee wangu, wao walifurahi! Mkubwa wao akawaza: huyu si mzuka, huu ni utepe. Jiwe limenasa yale maumivu ya mwisho, nalo huyarudia kama santuri. Tukijua namna ya kulifungua tutatajirika. Basi wakaleta mitambo yao yote. Na hapa ndipo mtunzi alipoonyesha akili. Mitambo haikunasa kitu hata kimoja. Watu ndio waliosikia, tena si wote. Huyu alisikia na kuona, yule alisikia tu, na mwingine alisimama palepale asipate lolote. Wakaupiga ukuta ule kwa makelele ya mitambo, hata ile sauti ya mtumishi ikafutika. Chini yake kulikuwako kitu kingine cha kale zaidi. Mwisho wake sitausema wote. Nitasema tu kwamba Jill alifia ndani ya chumba kile, na mkubwa wake, aliyekuwa amekataa kumsikiliza alipokuwa hai, akarudi humo baadaye akaisikia sauti yake ikimwita amsaidie.

Hiyo ndiyo hadithi ya mzuka iliyochanganywa na sayansi. Katika hadithi zetu za kale mzuka ni mzuka, hauhitaji kuelezwa. Unazuka, watu wanakimbia, basi. Wala tusiuchanganye na mzimu, maana mizimu ina heshima yake na mahali pake katika mila za watu wengi, na somo hili halihusu habari hizo. Lakini mtunzi wa hadithi ya sayansi hufanya kazi ya namna nyingine. Huchukua jambo moja la elimu lililo kweli, akauliza: ingekuwaje kama jambo hili lingekwenda mbele hatua moja zaidi? Hatua ile ya mwisho ndiyo uongo. Lakini hatua za nyuma yake ni za kweli, na kwa hiyo mguu wa msikilizaji huteleza bila yeye kujua.

Sasa tutafute mguu unateleza wapi. Kwanza tujue sauti huhifadhiwaje.

Ninaposema, hewa inatikisika. Sauti ya mwanamume huitikisa hewa mara mia moja na zaidi kidogo katika kila sekunde, na ya mwanamke karibu mara mia mbili. Mwaka 1877 Bwana Thomas Edison wa Marekani aliunda mashine iliyoshika mitikisiko hiyo. Mtu alisema mbele ya kigozi chembamba, kigozi kikatikisika, sindano iliyofungwa kwenye kigozi ikachora mfuo juu ya karatasi ya bati iliyovingirishwa kwenye mche wa chuma unaozunguka. Sindano iliporudishwa mwanzo wa mfuo, ikatikisika vilevile, na maneno yakasikika tena. Mwaka uliofuata Bwana Edison aliandika orodha ya kazi ambazo mashine hiyo ingeweza kufanya. Ndani ya orodha hiyo aliweka vitabu vya vipofu, na pia kuhifadhi maneno ya mwisho ya watu wanaokaribia kufa. Angalieni, basi, ya kuwa tangu mwaka wa kwanza kitabu cha kusikiliza na sauti ya marehemu vilitajwa pamoja.

Baadaye ukaja utepe. Utepe ni ukanda mwembamba wa plastiki uliopakwa unga wa kutu ya chuma. Kila chembe ya unga ule ni kama sumaku ndogo. Sauti hugeuzwa kuwa umeme, umeme hutia nguvu sumaku ya mashine, na sumaku hiyo huzipanga zile chembe. Utepe ukipitishwa tena, chembe hurudisha umeme, na umeme hurudisha sauti.

MZEE: Mwalimu, na jiwe nalo lina chuma ndani yake. Mimi nimeona jiwe linalovuta sindano.

MWALIMU: Vema sana, Mzee! Hapo ndipo mtunzi alipopata mlango. Yako mawe yenye chuma, na tena yako mawe yaliyoandikwa kitu kweli. Mfano uko kwetu. Kaskazini ya Tanzania, katika bonde la Olduvai, ipo miamba iliyotoka chini ya ardhi ikiwa ya moto kama uji, karibu miaka milioni 2 iliyopita. Ndani yake zimo chembe ndogo za sumaku. Mwamba ulipokuwa ukipoa, chembe zile zilielekea upande ambao sumaku ya dunia ilizivuta wakati ule, kama vile sindano ya dira ielekeavyo kaskazini, zikagandia hapo. Mwaka 1963 wataalamu wawili, Grommé na Hay, walitoa habari za upimaji wa miamba hiyo. Dunia imepata kugeuza sumaku yake mara nyingi, hata dira ingeelekea kusini. Mwamba wa Olduvai ulionyesha kipindi kifupi ambacho dira ingeelekea kaskazini, kama leo, katikati ya zama ndefu za kugeuka. Mpaka leo wataalamu wa dunia nzima hukiita kipindi hicho Olduvai.

Basi jiwe laweza kuhifadhi habari kwa miaka milioni 2. Hiyo ni kweli tupu. Kwa nini basi lisihifadhi ukelele?

Fanyeni jambo hili darasani. Mwanafunzi mmoja achukue chaki, aandike neno BABA ubaoni, lakini herufi zote nne aziandike mahali pamoja, moja juu ya mwenzake. Tunangoja.

(Kimya kifupi.)

Haya, someni. Hakuna awezaye. Herufi zote zimo, hakuna iliyopotea, na hata hivyo neno halipo. Neno halikai katika herufi peke yake, lakini katika mpango wake, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ndiyo maana santuri huzunguka na utepe hukimbia: kila sehemu ya sauti ipate mahali pake. Ukuta hauendi popote. Hata kama jiwe lingeweza kushika mtikisiko mmoja, mtikisiko wa pili ungeandikwa palepale juu ya ule wa kwanza, na kuku, na mvua, na mbuzi wa jirani, vyote hapohapo. Isitoshe, mwamba ule wa Olduvai ulishika habari ukiwa unatoka kwenye moto mkali na kupoa, nao ulishika upande mmoja tu uliotulia. Jiwe lililokwisha poa halipangwi upya na sauti ya mtu. Sauti ikigonga ukuta, sehemu hurudi kama mwangwi, na sehemu hugeuka joto dogo sana lisilopimika kwa mkono, ikaisha. Na mwisho, hata yangekuwamo maandishi, ingehitajika sindano ya kuyasoma.

Kwa hiyo, mama yetu, nyumba ile mbovu haina sauti ya mtu ukutani. Yaweza kuwa na nyoka, na mawe yaliyolegea. Pita njia iliyo kando yake, lakini usiingie ndani, kwa sababu hizo mbili.

MZEE: Lakini Mwalimu, watu husikia mwili unasisimka mahali fulani. Hao wote ni waongo?

MWALIMU: Si waongo, Mzee wangu. Mwili husisimka kweli, na sababu yaweza kutafutwa. Yuko mhandisi mmoja Mwingereza, jina lake Vic Tandy. Alikuwa akifanya kazi katika karakana iliyosemwa kuwa ina mzuka. Usiku mmoja alipokuwa peke yake alishikwa na jasho baridi, akaona kwa pembe ya jicho umbo la kijivujivu limekaa kando yake. Alipogeuka, likatoweka. Kesho yake alileta upanga mwembamba wa mchezo, akaubana kwenye jiriwa ili autengeneze. Ncha ya upanga ikaanza kutetemeka yenyewe, bila kuguswa.

Mwingine angekimbia. Yeye alichukua vipimo. Akagundua kuwa hewa ya chumba kile ilikuwa ikitikiswa karibu mara 19 kwa sekunde na feni mpya ya kutolea hewa. Sikio la mtu huanza kusikia kwenye mara 20 hivi, kwa hiyo sauti ile haikusikika kama sauti, bali mwili uliipata. Feni iliporekebishwa, mambo yakaisha. Alichapisha habari hiyo mwaka 1998 pamoja na mwenzake. Hakusema kuwa kila mzuka duniani ni feni, na wengine waliojaribu baadaye hawakupata matokeo yaleyale kila mara. Lakini mimi humpenda Bwana huyu kwa jambo moja. Aliogopa, na akiwa bado anaogopa akaenda kuleta kipimo.

Sasa, kwa nini hadithi ya kusikiliza hutisha kuliko ya kusoma? Ukisoma kitabu na ukaogopa, unainua macho. Sikio halina kope. Tena msomaji wa hadithi ndiye ashikaye mwendo. Atakapotaka kunyamaza atanyamaza, nawe unangoja, na katika kungoja kule wewe mwenyewe ndiwe unayeumba uso wa mzuka. Mafundi wa sauti wanajua hayo. Tangu zamani katika redio vifuu viwili vya nazi vimekuwa kwato za farasi. Na ukitumia visikilizo vya masikioni mambo huzidi. Sauti itokayo kuume hufika sikio la kulia kabla ya la kushoto, kwa tofauti ndogo kuliko sehemu moja ya elfu ya sekunde, na ubongo hutambua tofauti hiyo. Fundi akiitengeneza tofauti hiyohiyo, utasikia mtu anapumua nyuma ya shingo yako, na nyuma yako ni ukuta mtupu. Anayeogopa sana na aweke hadithi kwa sauti ya wazi mezani, taa ikiwaka, pamoja na watu wa nyumbani.

Liko jambo jingine ambalo wazee wetu walilijua mapema. Bibi alipotaka kutoa hadithi alisema, "Hadithi! Hadithi!" Nasi tulijibu nini?

MZEE: "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!"

MWALIMU: Msikieni! "Uongo njoo." Sisi wenyewe, kwa midomo yetu, tuliukaribisha uongo mlangoni, tukijua ni mgeni wa usiku mmoja. Mashine haingoji jibu la msikilizaji, na asiyekuwapo mwanzo hajui ni nini kinachosemwa.

Mwaka 1938, tarehe 30 Oktoba, Bwana Orson Welles alitoa katika redio ya Marekani mchezo juu ya viumbe wa sayari ya Mars walioivamia dunia. Aliutengeneza kwa mtindo wa taarifa ya habari. Mwanzoni ilitangazwa kuwa ni mchezo, lakini waliofungua redio baadaye hawakusikia tangazo hilo, na baadhi yao wakashikwa na hofu. Magazeti yalizidisha habari za hofu hiyo. Yaliyotokea Quito, nchi ya Ecuador, tarehe 12 Februari 1949 yalikuwa mabaya zaidi. Radio Quito ilitoa mchezo wa namna hiyohiyo kwa Kihispania, ikataja mahali ambapo wasikilizaji wanapajua, na waigizaji wakaiga sauti za wakubwa wa serikali. Watu walitoka barabarani. Walipoambiwa ni mchezo, hofu ikageuka hasira. Jengo la gazeti la El Comercio, ambamo redio ile ilikuwamo, likachomwa moto, na watu wakafa.

Kwa hiyo, ukisikia sauti katika simu au redio ikisema jambo la kutisha, rudi mwanzo. Nani amesema? Amesema ni hadithi au ni habari? Siku hizi sauti hutumwa kutoka simu hadi simu ikiwa imekatwa kichwa na miguu, na swali hilo lina kazi kuliko wakati wa Bwana Welles.

Tumebakiwa na dakika chache, na mama yetu hajajibiwa juu ya kicheko cha wenzake.

Vitabu vya kusikiliza havikuanzishwa kwa ajili ya wavivu. Huko Uingereza vilianza mwaka 1935, na miongoni mwa waliokusudiwa ni askari waliopofuka katika vita vya 1914 hadi 1918. Wengi walikuwa wamepofuka wakiwa watu wazima, na vidole vyao vilikuwa vizito kujifunza maandishi ya nukta. Santuri za kawaida zilicheza dakika chache tu kila upande. Wataalamu wakatengeneza santuri za kwenda polepole, upande mmoja dakika kama 25, na hata hivyo kitabu kimoja kilihitaji santuri 10 hivi. Hadithi za kwanza zilikuwa za Agatha Christie na Joseph Conrad. Nani atawacheka askari wale?

Na mwaka 2019 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipima bongo za watu wachache waliposikiliza hadithi, na tena waliposoma hadithi zilezile. Maana ya maneno iliamsha mahali palepale, karibu bila tofauti. Basi kuelewa ni kuelewa, kuingie kwa sikio au kwa jicho.

MZEE: Basi mimi niache kuja darasani, ninunue simu.

MWALIMU: Hapana, Mzee, usinikimbie! Sikio litakupa hadithi, maneno mapya na mpango wa sentensi. Herufi halikupi. Barua ya hospitali, stakabadhi, jina lako katika orodha ya kupiga kura, hayo yote hukaa kimya mpaka jicho liyasome. Lakini viwili hivi vyaweza kufunga ng'ombe kwenye plau moja. Anayepata kitabu na sauti yake pamoja, na aweke kidole chini ya neno, akifuate kile asikiacho. Msomaji akienda mbio, asimamishe, arudi nyuma. Mashine haichoki wala haikunji uso. Katika hilo, lazima nikiri, yatushinda sisi walimu.

Kazi ya juma hili. Kila darasa lichague mzee mmoja mwenye hadithi ya mzuka. Simu ya mmoja wenu ishike sauti yake akiitoa, kwa idhini yake, pamoja na "uongo njoo" ya wasikilizaji wote. Kisha isikilizeni tena kidogo kidogo, mkaandike sentensi kumi za kwanza kama alivyozisema yeye, bila kuzitengeneza. Mwalimu asisahihishe usemi wa mzee, asahihishe herufi tu. Na sauti ile muitunze, mwandike tarehe na jina la msemaji.

Na mama aliyetuandikia, tunaomba darasa lake limpe kazi ya kushika simu.

MZEE: Na wale waliomcheka?

MWALIMU: Wao waandike. Kwaherini, mpaka juma lijalo saa hizihizi.

(Muziki.)